SOMO KWA WAMAMA: KWA NINI MWANAUME ANAKAMATA MWANAMUKE KWA NGUVU?



Siku ya kupimisha mimba na siku ya kupima watoto kilo tunajifunza maneno mingi: chakula cha mutoto, maji safi, malaria, chanjo. Leo tunashika neno lingine, neno zito, lenye kuleta haya. Ni neno la mwanaume anayekamata mwanamuke ao mutoto na kulala naye kwa nguvu, bila mapatano. Siku hizi watu wanaliita ubakaji.

Pengine mama mumoja atasema: "Neno hili ni la polisi na la tribinali. Kwa nini munalileta kliniki?" Tunajibu: ni neno la kliniki kabisa. Mwanamuke aliyekamatwa kwa nguvu, akifika hospitalini mbele ya masaa 72 kupita, anaweza kupewa dawa ya kumukinga na virusi vya sida. Masaa 72 ni siku 3. Akifika nyuma yake, dawa ile haitolewi tena, kwa sababu virusi vimekwisha kupata nafasi mwilini.

Kwa nini wengi wanachelewa? Njia ni ndefu, ndiyo. Feza ya kusafiri inakosa, ndiyo. Lakini kuna sababu ingine. Watu wanamuuliza: "Ulivaa nini? Ulipita kule kufanya nini? Kwa nini hukupiga kelele?" Ni kusema, wanatafuta sababu ya ubaya ndani ya mwanamuke. Naye anaogopa maulizo yale. Anaoga, anafua nguo, ananyamaza. Siku ya kwanza inapita, siku ya pili, siku ya tatu. Basi, jibu la uongo limemufungia mulango wa dawa.

Kwa hiyo tunapaswa kujua jibu la kweli. Sababu iko ndani ya nani, na ni sababu gani? Tutachunguza majibu 5 ambayo watu wanatoa sokoni, nyumbani, na hata katika vitabu vya wenye elimu.

JIBU LA KWANZA: "NI NGUO NA MWENDO WA MWANAMUKE"

Hili ndilo jibu ambalo tunasikia zaidi. "Ule binti alivaa nguo fupi. Alijitafutia mwenyewe."

Tupime jibu hili. Katika Kavumu, karibu na Bukavu, tangu mwaka 2013 mpaka mwaka 2016, watoto wanawake zaidi ya 30 waliibwa usiku ndani ya nyumba za wazazi wao, wakafanyiwa ubaya huu. Wengine walikuwa bado wadogo sana, hata wa kunyonya. Walikuwa wamelala. Je, mutoto wa kunyonya anavaa nguo ya kuvuta mwanaume? Mwendo wake ni mwendo gani, naye angali anatambaa?

Tena tuangalie wazee wetu. Bibi wa miaka 70 anakamatwa shambani akiwa amefunga vitambaa viwili na kilemba kichwani. Mama anakamatwa na muzigo wa kuni mugongoni. Kama nguo ingekuwa sababu, hawa wote wangepona.

Jibu la kwanza linaanguka. Linapendwa kwa sababu moja tu: linatupa amani ya uongo. Mama anajiambia, "Binti yangu anavaa vizuri, basi hatapatwa." Halafu akipatwa, mama hajui la kusema.

JIBU LA PILI: "TAMAA ILIMUSHINDA"

Wengine wanasema: "Mwanaume ni mwanaume. Alikaa siku nyingi bila muke. Tamaa ikamushinda, akili ikapotea."

Tupime hili pia. Mutu mwenye njaa akipita sokoni, anaona bugali na nyama ya mutu mwingine. Anamunyanganya mbele ya watu wote? Hapana. Anaomba, ananunua, ao anavumilia mpaka afike kwake. Njaa yake ni kweli, lakini njaa haimukatazi kuchagua.

Mwanaume anayekamata kwa nguvu anachagua vilevile. Anachagua pahali: njia ya kisima, shamba la mbali, nyumba ambayo mama ametoka kwenda sokoni. Anachagua saa. Anachagua mutu: yatima, mutoto wa kazi, mujane, mwenye ulema, mukimbizi. Mbele ya kutenda anaangalia kuume na kushoto kama kuna mushuhuda. Mutu ambaye akili yake imepotea haangalii kuume na kushoto.

Katika nchi ya Marekani, Nicholas Groth, mwenye elimu ya roho na mawazo ya watu, alifanya kazi na wanaume zaidi ya 500 waliofanya makosa ya namna hii, akaandika kitabu mwaka 1979. Aliona kwamba wengi wao hawakukosa mwanamuke: walikuwa na muke nyumbani, ao na rafiki wa kulala naye kwa mapatano. Basi walitafuta nini? Groth alijibu: wengi walitafuta kuona kwamba wana nguvu juu ya mutu mwingine. Wengine walijaa hasira, wakataka kuazibu na kushusha mwanamuke. Wachache walifurahia kuona mutu akiteseka.

Mbele yake, mwaka 1975, mwanamuke wa Marekani anayeitwa Susan Brownmiller aliandika pia kwamba ubakaji ni neno la kutawala na kuogopesha wanawake, si neno la mapenzi. Lakini wenye elimu hawapatani wote. Mwaka 2000 walimu wawili wa Marekani, Randy Thornhill na Craig Palmer, walibisha. Walisema tamaa ya mwili haiwezi kuondolewa katika hesabu. Wengi waliwajibu kwa ukali, na mabishano hayo hayajakwisha.

Sisi tuseme nini? Tuseme vile wachunguzi wengi wanasema leo: tamaa inaweza kuwa ndani, kwa wengine zaidi, kwa wengine kidogo. Lakini tamaa peke yake haitoshi. Wanaume wote wana tamaa. Wengi wao hawakamati mutu kwa nguvu hata siku moja. Kuna kitu kingine kinachofungua mulango.

JIBU LA TATU: "NI POMBE NA BANGI"

"Hakujua anachofanya. Alikunywa kasiksi tangu asubuhi." Ao kanyanga, ao bangi.

Ni kweli pombe inaongeza ubaya. Inalegeza mutu, inamuondolea woga na haya. Nyumba ambamo baba analewa kila siku inaona ngumi nyingi zaidi. Hatukatai.

Lakini angalia mulevi njiani. Akikutana na komanda, anatoa kofia na kusalimu. Akimuona shefu, anajikaza kusudi asianguke. Kumbe hata ndani ya pombe anajua nani wa kuheshimu na nani wa kuzarau! Pombe haikuweka wazo lile moyoni mwake. Wazo lilikuwa mule tangu zamani. Pombe ilifungua kizibo tu. Kwa hiyo pombe si udhuru.

JIBU LA INE: "NI SHETANI, NI DAWA YA MUFUMU"

Kuna wanaume wanaoambiwa na mufumu kwamba wakilala na mutoto ambaye hajajua mwanaume watapata utajiri, ao risasi haitawapata, ao watapona sida.

Tulitaja Kavumu. Neno lile lilifika tribinali. Mwezi wa 12, mwaka 2017, tribinali ya kijeshi ilihukumu wanaume 11 kifungo cha maisha. Mukubwa wao alikuwa muheshimiwa wa baraza la jimbo, mwenye kikundi cha wapiganaji. Mwaka 2018 hukumu ile ilihakikishwa. Ilionekana kwamba waliamini damu ya watoto wale itawakinga katika vita.

Wamama, tusikilize vizuri. Hakuna dawa ya namna hii. Kulala na mutoto hakuponyeshi sida wala ugonjwa wowote. Kunaharibu mutoto, na kunaweza kumuambukiza. Mama akisikia mutu anasema maneno haya, hata kwa muchezo, asicheke. Apeleke habari.

Lakini tuone jambo lingine ndani ya habari ile. Kwa nini waliiba watoto wa wakulima masikini, wala si watoto wa wakubwa? Kwa sababu walifikiri hakuna atakayewauliza. Hata pahali ambapo mufumu alisema, mutu alichagua tena mwenye uzaifu. Na walihukumiwa kwa sababu wazazi, waganga na wenye kutetea haki hawakukubali kunyamaza.

JIBU LA TANO: "NI VITA"

Sisi wa Kivu tunajua jibu hili kwa machozi. Hospitali ya Panzi katika Bukavu ilianzishwa mwaka 1999 na Munganga Denis Mukwege, aliyetaka kupunguza vifo vya wamama wenye kuzaa. Mwaka 2018 alipokea zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Siku ile alieleza kwamba mugonjwa wa kwanza wa hospitali alikuwa mwanamuke aliyekamatwa kwa nguvu, halafu akapigwa risasi katika sehemu za uzazi. Wamama, je, hiyo ni tamaa? Mutu mwenye tamaa anaharibu kitu anachotamani? Pale kusudi lilikuwa kuvunja: kuvunja mwanamuke, mume wake, nyumba yake, kijiji chake.

Wachunguzi wawili kutoka Uswidi, Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, walienda kuongea na askari wa Kongo wenyewe, wakaandika mwaka 2009. Askari walisema kuna namna mbili. Namna ya kwanza, walisema, inatoka katika tamaa: "Hatupati mushahara, hatuna feza ya kumupa mwanamuke, tuko mbali na wake zetu." Namna ya pili inatoka katika hasira na kutaka kuharibu. Wachunguzi hawakupokea maneno haya kama udhuru. Waliona ndani yake wazo moja: askari hawa walifikiri mwanaume wa kweli ni mwenye feza na mwenye kutawala mwanamuke. Akikosa feza, akishushwa na wakubwa wake, anajiona si mutu. Halafu anatafuta mutu zaifu zaidi wa kumushusha yeye.

Tunaona kitu kama hicho katika Minova. Mwezi wa 11, mwaka 2012, M23 walikamata Goma, na askari wa serikali wakakimbia mpaka Minova. Walikuwa wameshindwa, wamejaa hasira. Pale walikamata wanawake na watoto kwa nguvu siku nyingi, katika muji ambao walipaswa kuukinga. Mwaka 2014 askari 39 walihukumiwa mbele ya tribinali ya kijeshi. Wawili tu walipatikana na kosa la ubakaji. Ukosefu wa malipizi ni chakula cha ubaya huu.

Basi vita ndiyo sababu? Si kamili. Mwalimu Elisabeth Wood wa Marekani alichunguza vita vya nchi nyingi. Aliona kwamba kuna vikundi vya wapiganaji, kwa mufano waasi wa El Salvador, ambao ubakaji wao ulikuwa haba sana, kwani wakubwa waliukataza na waliazibu. Mwingine, Dara Kay Cohen, alichunguza vita ya Sierra Leone, akaona kwamba vikundi vyenye kukamata vijana kwa lazima ndivyo vilibaka zaidi wakiwa wengi pamoja. Vijana wale hawakujuana, hawakuaminiana. Ubaya uliotendwa pamoja uliwafunga sawa kamba. Kijana aliyekataa aliogopa kuchekwa ao kuuawa.

Tena, penye amani ubaya huu uko vilevile. Shirika la afya la dunia, OMS, lilitangaza mwaka 2021 kwamba katika dunia nzima karibu mwanamuke 1 kwa 3 amepigwa ao amelazimishwa kulala na mwanaume katika maisha yake. Mara nyingi mutendaji si mugeni mwenye bunduki. Ni mume wake ao rafiki wake. Na mutoto mara nyingi anaharibiwa na mutu ambaye anamujua: jirani, ndugu wa nyumba, mwalimu. Kwa hiyo tusiangalie kichaka peke yake. Tuangalie na ndani ya lupango.

BASI, SABABU NI NINI?

Wamama, munajua moto wa jiko. Kuna kuni kavu, kuna kibiriti, kuna pumzi ya kupuliza. Ukiondoa kimoja, moto hauwaki vizuri. Ubakaji ni vilevile.

Kuni ni wazo lililo moyoni mwa mwanaume kwamba mwanamuke ni kitu, si mutu. Kwamba "hapana" yake haina maana. Kwamba nimelipa mahari, basi mwili wake ni wangu.

Kibiriti ni yale yanayomuchoma siku ile: hasira, haya ya kushindwa, kutaka kuonyesha nguvu, tamaa, pombe, uongo wa mufumu, wenzake wanaomusukuma.

Pumzi ni ruhusa. Ruhusa si barua. Ni kujua kwamba hakuna atakayesema, kwamba shefu atapokea mbuzi na neno litakwisha, kwamba watu watamucheka mwanamuke, wala si yeye.

Angalieni vitu vyote 3. Katika kuni, katika kibiriti, katika pumzi, nguo ya mwanamuke haimo. Tunaweza kubishana kama tamaa ni kubwa ao ndogo, kama hasira ni mbele ya tamaa ao nyuma. Lakini wote wanaobishana wanatafuta sababu ndani ya mutendaji, na ndani ya watu wanaomuachia nafasi.

Tuongeze neno moja. Kueleza sababu si kusamehe kosa. Mutu anaweza kuwa alipigwa sana utotoni, ao yeye pia aliharibiwa. Mambo haya yanaongeza hatari. Lakini wengi waliopigwa na kuharibiwa utotoni hawakuja kuharibu wengine. Anayetenda amechagua, naye atajibu.

"LAKINI KWA NINI HAKUPIGA KELELE?"

Ulizo hili linarudi kila mara, basi tulijibu. Mutu akishikwa na woga mukubwa, mwili unaweza kukauka sawa ubao. Sauti haitoki, mukono hauinuki. Si kukubali, ni mwili wenyewe unajifunga. Mwaka 2017 waganga wa Stockholm, katika Uswidi, waliandika habari ya wanawake karibu 300 waliofika hospitalini nyuma ya kubakwa. Katika kila 10, karibu 7 walisema mwili wao ulikauka namna hii. Kwa hiyo kunyamaza kwake siku ile si ushuhuda juu yake.

MAMBO YA KUFANYA, SAA ILE ILE

Ukipata habari kwamba binti yako, jirani, ao wewe mwenyewe umepatwa, fanya hivi:

1. Sema kwanza: "Ninakuamini. Kosa si lako." Usiulize habari ya nguo. Usiulize kwa nini alipita kule.

2. Enda hospitalini ao kituo cha afya mara moja, usingoje asubuhi kama njia ni salama. Hesabu masaa tangu tendo: yasipite 72. Dawa ya kukinga sida inamezwa siku 28 bila kuacha. Kama mutoto ndiye aliyepatwa, munganga atapima kipimo chake kwa kilo.

3. Mwanamuke ao binti anayeweza kushika mimba, amuulize munganga habari ya dawa ya kuzuia mimba. Inaweza kutumika mpaka siku 5, lakini ikimezwa mapema inasaidia zaidi. Kuna vilevile dawa ya kisonono na kaswende, chanjo ya ugonjwa wa maini wa namna ya B, na shindano la tetanosi kama kuna kidonda.

4. Kama inawezekana, asioge mbele ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe. Mutie katika karatasi ao mufuko wa kitambaa, mulete. Lakini kama amekwisha oga, aje tu. Asiseme, "Nimekwisha haribu."

5. Kama siku 3 zimepita, aje vilevile. Dawa moja imepita wakati, lakini kuna vidonda vya kutunza, kuna magonjwa mengine ya kuponyesha, kuna mimba ya kupima. Na kuna roho yenye kuhitaji mutu wa kusikiliza. Usiku bila usingizi, kuogopa, kukumbuka mara na mara: hayo ni ugonjwa unaotunzwa, si wazimu.

6. Vijana wanaume na wababa wanaweza kupatwa vilevile. Dawa ni ile ile, na haya yao ni kubwa. Muwalete.

USIKUBALI MBUZI, USIKUBALI NDOA

Mahali pengi jamaa mbili zinakaa pamoja, zinakunywa, na neno linamalizwa kwa mbuzi, kwa franga, ao kwa kumuoza binti kwa mutu aliyemuharibu. Wanasema ni kuokoa heshima. Fikiri, mama: unamupeleka mutoto wako alale kila usiku kando ya mutu aliyemuvunja. Heshima ya nani imeokolewa?

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 mwezi wa 7, mwaka 2006, inasema ubakaji ni kosa la kifungo tangu miaka 5 mpaka 20. Mwenye miaka chini ya 18 ni mutoto mbele ya sheria hii. Neno la ubakaji haliruhusiwi kumalizwa kwa malipo, na muzazi anayelazimisha mutoto wake kuolewa anafanya kosa pia. Mbuzi yule ndiyo pumzi tuliyosema. Kila mbuzi inayopokelewa inafundisha kijana mwingine bei ya dada yake.

KAZI YETU KWA VIJANA WANAUME

Wamama wanasema, "Sisi tutafanya nini? Hatuna bunduki, hatuna tribinali." Lakini kuni zinakauka nyumbani, tangu utoto. Na nyumbani muna sauti.

Kijana wako akimuvuta dada yake kwa nguvu, naye dada anasema "Acha," mufundishe kuacha saa ile ile. Usicheke ukisema, "Ni mwanaume huyu!" Neno lile linamuingia.

Akilia, usimuambie, "Unalia sawa mwanamuke?" Unamufundisha mambo mawili mabaya: kwamba kuumia ni haya, na kwamba mwanamuke ni mutu wa chini. Kesho akishindwa, hatajua kulia, atajua kupiga.

Muonyeshe kazi: achote maji, apike, abebe mutoto. Mutu aliyebeba muzigo wa dada yake anaujua uzito wake.

Ongea naye habari ya mwili mbele ya wenzake kumudanganya. Muambie wazi: kulala na mutu ambaye hataki ni ubaya, hata kama ni rafiki yako, hata kama ulimupa zawadi, hata kama umemuoa.

Na mwambie baba yake aseme vilevile. Kijana anasikiliza mama, lakini anaangalia baba.

MAULIZO YA KUONGEA PAMOJA

1. Katika kijiji chetu, watu wanasema nini kwanza wakisikia binti amekamatwa kwa nguvu? Neno lile linamusaidia kuja hospitalini, ao linamufunga?

2. Taja mufano wa "pumzi" katika kwetu: nani anaachia mutendaji nafasi, na kwa nini?

3. Tangu kwenu mpaka hospitali ni masaa mangapi kwa muguu? Nani katika mutaa wenu anaweza kumusindikiza mugonjwa usiku?

4. Ni neno gani tunaloambia vijana wetu wanaume ambalo tungependa kuacha kulisema?

Mama aliyesoma somo hili alisomee jirani asiyejua kusoma. Mwambie hesabu moja asisahau: masaa 72. Na mwambie kwamba akifika hapa mulangoni, hatutamuuliza alivaa nini.